Hakuna Aliyechukua Sampuli

Sijawahi kumwona minki. Nimeandika kurasa kama mia moja kumhusu, lakini ukimleta hapa Kahawa West leo na kumweka mezani, nitadhani ni nguchiro aliyepotea.

Kwa wale hawajakutana naye hata kwa karatasi: minki ni mnyama mdogo, mwili mrefu, miguu mifupi, meno makali, jamaa wa kicheche. Ulaya, China na Amerika Kaskazini wanamfuga kwa sababu ya manyoya. Yale makoti ya wanawake matajiri kwa sinema za zamani, hapo ndipo yanatoka. Anaishi kwa kizimba cha waya, anakula mabaki ya samaki na kuku yaliyosagwa kama uji, na ikifika Novemba anauawa kwa gesi na kuchunwa ngozi. Maisha yake yote ni miezi saba hivi.

Nilimjua kupitia kazi. Mimi huandika kwa kulipwa. Siku hizi ni makala za tovuti za kampuni, maelezo ya bidhaa, mara moja moja hotuba ya harusi ya mtu asiyejua aseme nini kuhusu ndugu yake. Lakini mwaka 2020 nilikuwa bado kwa ile kazi sote tunaijua. Kama wewe ni kijana wa Nairobi uliyemaliza chuo ukakosa kazi, au kama mimi ulikosa hata kumaliza chuo, sina haja ya kukueleza. Kuna mwanafunzi mahali fulani ng'ambo mwenye hana muda wa insha yake. Kuna akaunti unayokodisha kwa msee mwenye alifungua zamani kabla mambo yakuwe magumu. Kuna dola sita kwa ukurasa, na ukitoa za mwenye akaunti zinabaki nne. Mwanafunzi anapata alama, baadaye anapata digrii. Wewe unapata rent. Sijivunii, na pia sitajifanya nalia. Wakati huo nilikuwa nimetoka chuo miaka miwili, mwaka wa tatu, kozi ya baiolojia, na ilikuwa ajabu kidogo kulipwa kusoma vitu ambavyo nilikuwa nimeshindwa kulipa ndio nisome.

Oda ilikuja mwisho wa Novemba. Kurasa nane, maambukizi ya virusi katika wanyama wanaofugwa kwa manyoya, saa 36. Nikachukua kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Sababu ya oda hiyo ilikuwa Denmark. Tarehe 4 Novemba 2020, siku ile ile ambayo huku kwetu Rais Uhuru alikuwa kwa televisheni akitangaza kafyu ya saa nne usiku, waziri mkuu wa Denmark, Mette Frederiksen, alikuwa kwa televisheni yao akitangaza kwamba kila minki nchini lazima auawe. Kila mmoja. Denmark ndiyo iliyokuwa inaongoza duniani kwa ngozi za minki, na walikuwa nao kama milioni 15 hadi 17. Virusi vya korona vilikuwa vimetoka kwa watu, vikaingia kwa minki, vikabadilika huko ndani, na vikarudi kwa watu. Aina moja waliyoiita Cluster 5 ilipatikana kwa watu 12 huko kaskazini mwa Jutland, na wanasayansi wakaogopa kwamba chanjo zilizokuwa njiani zingeishika vibaya.

Nakumbuka nikisoma hii saa tisa usiku na kucheka peke yangu, kicheko kibaya. Kwa sababu ilizidi kuwa mbaya kila nikifungua ukurasa mwingine. Ikajulikana serikali haikuwa na sheria ya kuamuru minki wote wauawe, wale wa nje ya maeneo ya maambukizi. Waziri wa chakula, Mogens Jensen, akajiuzulu tarehe 18. Kesho yake wizara ya afya ikasema Cluster 5 haijaonekana kwa mtu tangu Septemba na pengine imeisha kabisa. Halafu ile sehemu yenye hata mwandishi wa filamu za kutisha angeogopa kuiandika: maiti zilizikwa kwa haraka kwa ardhi ya jeshi karibu na Holstebro na Karup, kwa mchanga, kina kifupi. Gesi ya kuoza ikazisukuma juu. Minki wakaanza kutoka makaburini. Mwaka uliofuata ilibidi wachimbuliwe, kama milioni nne, wapelekwe kuchomwa.

Mette mwenyewe alienda kutembelea mfugaji mmoja, baba na mtoto wake, na alipotoka akalia mbele ya kamera. Wafugaji walilipwa fidia ya mabilioni ya kroner. Niliangalia ile video mara mbili. Nilikuwa na sababu zangu, nitafika hapo.

Lakini kilichonishika si Denmark. Ni Uholanzi, na ni namna walivyojua.

Aprili 2020, kwa mashamba mawili ya mkoa wa North Brabant, minki walianza kupumua kwa shida na kufa zaidi ya kawaida. Sasa, mnyama akikufa shambani kuna maelezo mia moja. Chakula kimeoza. Baridi. Maji. Kijakazi amesahau. Minki wenyewe wana magonjwa yao ya zamani: kuna ule wa Aleutian, uliotajwa mara ya kwanza mwaka 1956 kwa minki wa rangi ya kijivu-buluu waliofugwa kwa sababu rangi hiyo ilikuwa na bei, kumbe jeni iliyoleta rangi ilidhoofisha kinga yao pia. Kuna wa kuhara. Kuna ule wa mbwa, distempa. Kwa hivyo kuona mnyama amekufa hakukuambii chochote. Ni kama kuona gari limesimama barabarani: inaweza kuwa mafuta, inaweza kuwa injini, inaweza kuwa dereva ameenda haja.

Walichofanya ni kuchukua sampuli. Kijiti cha pamba kooni, kingine nyuma, mapafu ya waliokufa. Kipimo cha PCR kikasema korona ipo. Wengi wetu hiyo PCR tuliijua mwaka huo kwa kuchomwa pua, lakini inakuambia tu ndiyo au hapana. Hatua ya pili ndiyo tamu. Kirusi cha korona kimeandikwa kwa herufi karibu 30,000, na kila kikijinakili hukosea kidogo, hapa herufi moja, pale moja. Ukisoma herufi zote za virusi kutoka shamba A, shamba B, mfanyakazi wa shamba A, na mtu wa kijijini ambaye hajawahi kukanyaga huko, unaweza kuona nani amepata kwa nani. Makosa yanarithiwa. Ni kama vile mwalimu anajua mmenakili mtihani: mkiwa na jibu sahihi wote, sawa, lakini mkiwa na kosa lile lile la kipumbavu, mmeshikwa.

Timu ya Bas Oude Munnink na Marion Koopmans huko Rotterdam ilifanya hivyo kwa mashamba 16 ya kwanza. Walipima watu 97 waliohusiana na mashamba hayo, na 66 walikuwa na dalili za maambukizi, kwa kipimo au kwa damu. Na virusi vya baadhi yao vilikuwa na makosa ya minki. Si ya jirani, si ya mtaa. Ya minki. Kwa hivyo mtu alimpa mnyama, mnyama akampa mtu, na hakuna aliyebaki akibishana.

Sijui kama unanielewa nikisema niliona wivu. Si wivu wa pesa zao au maabara zao. Wivu wa kujua.

Ukurasa wa sita nikawa nimemaliza minki, lakini maagizo ya klaienti yalisema lazima kuwe na spishi nyingine. Nikafikiria mbweha, nikafikiria mbwa rakuni. Halafu nikaona sungura kwa orodha, nikasema ah, sungura angalau namjua.

Mwaka 1984, mkoa wa Jiangsu, China. Sungura wa Angora, wale wa manyoya marefu kama pamba, waliokuwa wametoka Ujerumani, walianza kufa ghafla. Chini ya mwaka mmoja sungura wa kufugwa karibu milioni 140 walikuwa wamekufa. Ulikuwa ugonjwa mpya kabisa. Kirusi cha kundi la kalisi kinachoshambulia ini na kufanya damu igande na kuvuja kila mahali kwa wakati mmoja. Sungura anaambukizwa, siku moja hadi tatu haonyeshi kitu, halafu homa, halafu ndani ya saa 12 hadi 36 amekufa. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Wengine wanarusha miguu, kichwa kinapinda nyuma, wanapiga ukelele. Wengine wanatoa povu la damu puani. Wakubwa wanakufa. Vitoto vya wiki chache vinabaki.

Nikaacha kuandika. Nikafunga laptopu. Nikaenda nje kwa balkoni, ni kafyu, hakuna mtu barabarani, mbwa tu.

Nyumbani ni Othaya. Mzee alikuwa na sungura 64.

Kama ulikuwa Kenya miaka hiyo unakumbuka sungura. Ilikuwa kabla ya kware kusahaulika vizuri. Kila mtu alikuwa na jirani mwenye alikuwa na binamu mwenye alikuwa ananunua sungura kwa kilo, na kulikuwa na kampuni, sitaitaja, iliyokuwa inakuuzia wazazi kumi na vizimba vyao na kuahidi kununua watoto wote. Mzee si mjinga. Hakununua kwa kampuni. Alisema hao wanauza vizimba, hawauzi sungura. Alijenga vyake mwenyewe kwa mbao za ofkati na waya, akaanza na majike manne, wawili weupe wa New Zealand, wawili Chinchilla. Chinchilla ni wale wa kijivu. Asili yao walitengenezwa kwa manyoya, ati wafanane na mnyama mwingine ghali zaidi. Sisi tuliwala. Mzee alikuwa ameongea na hoteli mbili Nyeri mjini, na alikuwa na daftari. Kila jike, tarehe ya kupandwa, tarehe ya kuzaa, wangapi wameishi. Kwa ukurasa wa mwisho wa daftari kulikuwa na jina langu na hesabu ya karo.

Aprili 2018 nilikuwa nyumbani kwa wiki mbili kabla ya muhula. Mvua ilikuwa imenyesha ile ya kusahau. Kazi yangu ilikuwa nyasi. Alhamisi nilikuwa mvivu, nisemeje tena, ni uvivu. Badala ya kwenda mpaka kule chini mtoni ambapo tulikuwa tunakata kila siku, nilikata kwa ukingo wa shamba la jirani, karibu na mahindi yake. Nyasi nzuri, nyororo, mita hamsini kutoka nyumbani. Jirani alikuwa amepiga dawa ya viwavi wiki hiyo. Nilijua amepiga. Niliona mtungi mgongoni mwake Jumanne. Nikajiambia mvua imeosha.

Ijumaa usiku majike wawili. Jumamosi asubuhi kumi na mmoja. Nilisikia mmoja akipiga kelele, na kama hujawahi kusikia sungura akipiga kelele usitafute kusikia. Maisha yote ni mnyama kimya, halafu mara moja tu anatoa sauti kama ya mtoto. Mzee alimpigia mtu wa agroveti, akaja na pikipiki, akaangalia, akauza dawa ya koksi ya kuweka kwa maji na ya minyoo. Jumapili watu walipotoka kanisani walipita kuangalia kama ni matanga. Jumatatu tulikuwa na vitoto tu, viota viwili, tisa, bado vinanyonya, na hakuna wa kuvinyonyesha. Tulijaribu maziwa ya ng'ombe na sirinji. Watatu waliishi.

Tulichimba shimo nyuma ya migomba. Wengine puani walikuwa na damu. Mami alisema labda ni kwa sababu ya vile walianguka. Hakuna aliyefikiria kumfungua hata mmoja. Hakuna aliyechukua sampuli. Ukiniuliza wakati huo sampuli ni nini ningekujibu kwa ufasaha, nilikuwa mwaka wa pili naingia wa tatu kwa kozi ya baiolojia, nilikuwa nimepaka vitu kwa kioo na kuviangalia kwa darubini. Lakini sungura wetu walikuwa wetu, hawakuwa baiolojia.

Mzee aliniuliza mara moja tu. "Zile nyasi za Alhamisi ulitoa wapi?" Nikamwambia. Akaitikia na kichwa. Hakuniuliza tena mpaka leo, na hajawahi kunilaumu, na ningependa angenilaumu. Nililipa muhula mmoja kwa pesa za ng'ombe mmoja. Uliofuata sikulipa. Barua za chuo zilikuja, halafu zikaacha kuja.

Kwa hivyo unaelewa kwa nini nilitoka nje kwa balkoni.

Kwa sababu ile sehemu ya vitoto. Miaka miwili na nusu nilikuwa nimebeba hesabu moja kichwani: wakubwa walikula nyasi zangu wakafa, vitoto havikula vikaishi. Ushahidi kamili. Ni mimi. Halafu karatasi inakuja kuniambia kuna ugonjwa ambao huua wakubwa na kuacha vitoto, bila nyasi yoyote. Hesabu ile ile, jibu lingine.

Na hapo pia kulikuwa na mwiba, kwa sababu Jumatano ya wiki hiyo, siku moja kabla ya nyasi zangu, Mzee alikuwa amekuja na dume mpya kutoka soko la Karatina. Mweupe, mkubwa, mrembo. Mzee alitaka kubadilisha damu, alisema wale wetu wameanza kuzaana ndugu kwa ndugu. Dume akawekwa kizimba cha mwisho, akapandishwa kwa majike wawili jioni hiyo hiyo. Siku mbili baadaye ndipo vifo vikaanza. Dume mwenyewe alikufa Jumapili, na wengine.

Kama ni sumu, ni mimi. Kama ni kirusi, ni dume. Na dume ni Mzee.

Nilirudi ndani nikamaliza oda. Kurasa nane, alama ya klaienti baadaye nikaambiwa ilikuwa nzuri. Sikumwambia Mzee. Ningemwambia nini? "Baba, kuna uwezekano si mimi niliyetuangusha, ni wewe"? Na ningemwambia kwa nini, ili nilale? Kipimo cha ugonjwa ule kinahitaji kipande cha ini. Ini letu lilikuwa chini ya migomba, limeshakuwa ndizi.

Nilichofanya badala yake ni kusoma. Oda ya minki iliisha, lakini mimi sikuacha, ikawa kama vile watu hufuata ligi. Nilijua kwa mfano kwamba hicho kirusi cha sungura kilisumbua maabara kwa miaka kwa sababu hakikutaka kukua kwa seli za kioo kama virusi vingine. Kwa hivyo walikuwa wanachukua ini la sungura aliyekufa, wanalisaga, wanachanganya na seli nyekundu za damu ya mtu wa kundi O, na wanaangalia kama zitashikana. Damu ya binadamu ikikuambia sungura alikufa na nini. Nilijua mwaka 1995 Australia walikuwa wanakijaribu kisiwani, Wardang, ili kije kimalize sungura wa mwituni, na kikatoka kisiwani kabla hawajaruhusu, inaaminika kwa nzi. Nzi. Nikakumbuka nzi wa migombani.

Oktoba 2022, Carral, Galicia, Uhispania: shamba la minki karibu 52,000. Vifo vya wiki vikapanda mpaka zaidi ya wanne kwa kila mia. Wakadhani ni korona, kila mtu alikuwa anadhani korona. Vipimo vya korona vikasema hapana. Sasa fikiria ni rahisi kiasi gani kuishia hapo. Wao wakapima kingine, na ikatoka H5N1, homa ya ndege, na wakisoma herufi zake wakakuta badiliko moja kwa jeni inayosaidia kirusi kujinakili vizuri ndani ya wanyama wanaonyonyesha. Ilikuwa dalili kwamba pengine kinatoka minki hadi minki, si kila mmoja ameokota kwa shakwe. Shamba lote likauawa. Wafanyakazi walipimwa, hakuna aliyekuwa nacho.

2023 ikawa Finland: mbweha, mbwa rakuni, minki, mashamba takriban 70, wanyama karibu nusu milioni. Mwaka uliofuata Wafini wakawa wa kwanza kuwachanja watu wao dhidi ya homa hiyo, wakianza na wafanyakazi wa mashamba kama hayo. Na Septemba 2024, jarida la Nature, kazi ya Wachina pamoja na Edward Holmes wa Sydney. Hawa hawakusubiri ugonjwa uwe na jina. Walichukua wanyama 461 waliokufa kwa ugonjwa, wengi wao wa kufugwa kwa manyoya, wakakata mapafu na matumbo na kusoma kila kitu kilichokuwa ndani, kama mtu anayemwaga mfuko wote mezani badala ya kupapasa akitafuta funguo. Virusi vya aina 125. 36 havijawahi kuonekana. 39 waliviona vina hatari kubwa ya kuruka kwenda kwa wanyama wengine, pamoja na sisi. Kwa minki kulikuwa na kirusi cha korona ambacho ndugu zake hujulikana kwa popo.

Holmes amesema mara nyingi biashara hii ya manyoya ifungwe, na mimi nakubaliana naye, ingawa najua ni rahisi kukubali ukiwa Kahawa West na koti la mtumba la Gikomba. Wafugaji wa Denmark walikuwa na madaftari pia. Nadhani ndiyo sababu niliangalia ile video mara mbili. Yule mfugaji alikuwa na mtoto wake, kazi ya vizazi viwili, na kilichokuwa kinamuua si kwamba wanyama wamekufa, maana walikuwa wafe Novemba hata hivyo. Lakini yeye angalau aliambiwa ni nini.

Oktoba mwaka jana Mzee alinipigia. Siku hizi ana kuku, kienyeji walioboreshwa, mia na kidogo. Mzee hupiga simu Jumapili saa moja jioni, kwa hivyo alipopiga Jumatano asubuhi nilijua.

"Wamekufa saba," akasema.

"Shingo zimepinda?"

Akanyamaza kidogo. "Umejuaje?"

"Usiwazike. Baba, usiwazike. Wawili waweke kwa karatasi, na wengine funika, usiwape mbwa. Na usimwite mtu wa agroveti bado."

"Wewe ni daktari sasa?"

"Hapana."

Nilipanda matatu ya kwanza. Nilimkuta amewafunga kuku wawili kwa karatasi ya unga, vizuri kabisa, kama zawadi, na Mami alikuwa ameniwekea barafu kutoka kwa friji ya duka la jirani ndani ya ndoo ya rangi. Ndoo ikakaa kati ya miguu yangu mpaka Nairobi. Mama mmoja aliyekaa karibu nami aliuliza kama nauza. Nikateremka, nikapanda nyingine, nikafika maabara ya mifugo Kabete nikiwa nanuka kama soko. Dada wa mapokezi aliandika: wamekufa lini, walikuwa wangapi, wamechanjwa, kuna kuku mpya ameletwa karibuni. Niliangalia hilo swali la mwisho kwa muda mrefu kidogo.

Ilikuwa kideri. Hakuna la ajabu, ndio ugonjwa wa kuku wa kila mtu, Cucu yangu angekuambia bila maabara. Kufikia majibu yatoke Mzee alikuwa amebaki na thelathini na kitu. Sampuli haikumwokoa hata mmoja, nisikudanganye. Chanjo ni ya waliofuata.

Lakini nilimpelekea karatasi yenyewe, iliyopigwa muhuri, ingawa ningeweza kutuma picha kwa WhatsApp. Alivaa miwani akaenda kusomea nje penye mwanga. Alisoma mbele na nyuma, na nyuma hakukuwa na kitu.

"Hii ni pesa ngapi?"

Nikamtajia.

"Hiyo tu?"

"Na nauli."

Aliikunja mara mbili akaiweka kwa mfuko wa shati. Tulikuwa tumesimama upande wa migomba, si kwa kupanga, ndipo pana kivuli. Vile vizimba vya sungura bado viko. Mami huanikia humo vitunguu.

"Yule dume," akasema Mzee, akiangalia huko, si mimi. "Wa Karatina. Nilipewa bei ya chini sana."

Sikusema kitu.

"Wengine walikuwa wanauza elfu moja mia tano. Huyo, mia tano. Nikajiambia leo nimebahatika."

"Baba, na mimi zile nyasi..."

"Najua za nyasi," akasema. "Nakuambia za dume."

Mami akatuita chai. Tukaenda.